Radhi Iliyorekodiwa kwa Simu

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimekaa meza moja na mawakili wa makampuni makubwa, watu wanaokuja na mabegi ya magurudumu yaliyojaa karatasi, nikawatoa jasho mpaka wakaomba tuahirishe. Niliondoka Tandika na mkoba mmoja wa kamba. Nikaosha sufuria Ulaya kwenye jiko la hoteli, vidole vikavimba kwa baridi, huku nasoma, nikarudi na stashahada ya uzamili ya hakimiliki ya muziki. Sikupelekwa na serikali wala sikupelekwa na mjomba. Nilijipeleka mwenyewe. Stashahada hiyo nimeitundika ofisini kwangu Kinondoni, nyuma ya kiti changu, ili mteja akinitazama mimi aione na yenyewe. Nakala yake iko Tandika, sebuleni kwenye nyumba niliyoijenga pale palipokuwa na vyumba vyetu viwili vya udongo. Iko juu ya televisheni.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba siku nilipojimwagia kikombe kizima cha chai mapajani, mbele ya mteja, halikuwa jambo dogo.

Mteja alikuwa dada mmoja wa kampuni ya matangazo. Walikuwa wanatengeneza tangazo la juisi na walishachagua wimbo. Hiyo ndiyo kazi yangu: mtu akitaka kuutumia wimbo wa mwenzake kwenye tangazo au filamu, mimi namtafuta mwenye wimbo, tunakubaliana, naandika leseni. Naijua kazi hiyo kuliko wengi hapa mjini, na wengi wanalijua hilo.

“Wakili, hii ngoma ni moto,” alisema, akaweka simu juu ya meza. “Haijafika hata mwezi, kila bajaji inaipiga. Sikiliza mwenyewe.”

Ikaanza biti ya singeli, ile kasi yake ya kumkimbiza mtu hata kama amekaa. Nikawa natikisa kichwa kitaalamu, nahesabu moyoni watu wa kutafutwa: mtayarishaji, mwimbaji, mwenye kinanda. Kisha biti ikakatika, ikaingia sauti ya mwanamke peke yake, nzito kidogo, inayovuta mwisho wa kila neno kama mtu anayefunga fundo.

Ilikuwa sauti ya mama yangu mzazi.

Hapo ndipo chai ilipomwagika. Dada akaruka na kitambaa. “Umeungua?”

“Zima.”

“Subiri, ndo inakolea sasa hivi...”

“Dada, zima hiyo simu!”

Akazima. Akanitazama kama mtu aliyeona meza inaongea.

Niseme wazi kilichonishtua. Mama yangu ni kungwi. Alikuja Dar na baba kutoka kusini. Baba alikuwa mchonga vinyago, na mama akaendelea na kazi aliyorithi kwa mama yake: kuwafunda wasichana wanaoingia utu uzima na wale wanaokaribia kuolewa. Ngoma ya kumcheza mwali ina nyimbo zake, na nyimbo hizo zinasema mambo ya ndani kwa majina yake. Zinaimbwa na wanawake, mlango ukiwa umefungwa. Tulipokuwa watoto, mama akianza kukaza ngozi ya ngoma yake juani, sisi wavulana tulikuwa tunafukuzwa mtaani hata kabla hajafungua mdomo. Nimeishi na kazi hiyo miaka yote na sikuwa nimewahi kusikia hata mstari mmoja. Sasa nimeusikia, kwa mdomo wa mama, nikiwa nimevaa tai, mbele ya mwanamke mgeni, kwa ajili ya juisi. Maneno siyaandiki hapa wala popote.

Dada wa matangazo alidhani nimeogopa kesi. “Usihofu, wakili,” akasema. “Prodyuza ana ridhaa ya yule mama. Ametuletea na video, kama ulivyoelekeza kwenye mwongozo wako.”

Akaifungua. Asubuhi, nje ya ua fulani. Mama amejifunga khanga kiunoni, macho yamelegea kwa kukesha kwenye ngoma. Kijana mwenye nywele za rangi ya machungwa amepiga magoti mbele yake, na yeye amemwekea mkono kichwani. Akasema, kwa sauti ile ile, “Nimekupa radhi, mwanangu. Nenda, Mungu akufungulie.”

Video ikaisha. Nikamsukumia simu yake.

Mwongozo anaousema yule dada niliuandika mimi. Tulikuwa kwenye kamati ya kuandaa sera ya muziki, na mabwana wakubwa walitaka ridhaa isihesabike mpaka iwe imeandikwa na kutiwa saini mbele ya wakili. Nilisimama nikawaambia kwamba nusu ya waimbaji wa jiji hili hawajawahi kumwona wakili ila kwenye mazishi ya tajiri. Mzee wa ngoma ya mdundiko kule Pugu akitoa neno lake, neno limetoka. Nikapendekeza: ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa ni ridhaa kamili, na aliyeitoa anaweza kuiondoa kwa njia ile ile, kwa kusema mbele ya simu. Walipinga mpaka chakula cha mchana. Baada ya chakula nikashinda. Mpaka leo naamini ni kifungu bora kuliko vyote nilivyowahi kuvitunga. Ila siku ile kilikuwa kimemkamata mama yangu.

Nikamwambia yule dada siwezi kuishika kazi hiyo kwa kuwa mhusika ni ndugu yangu. Hakuuliza ndugu gani. Nikaondoka na suruali mbichi kuelekea Tandika.

Nilimkuta mama uani, amekaa kwenye mkeka, hafanyi chochote. Jambo hilo peke yake lilitosha kunitisha. Ngoma yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, ngozi imeelekea ukuta.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona suruali imelowa? Mtu mzima na tai yako?”

“Chai. Mama, nimesikia wimbo.”

Akanitazama. Hakuuliza wimbo gani. “Umesikia mpaka wapi?”

“Nimezima.”

“Nakuuliza mpaka wapi, baba.”

“Mwanzo tu.”

Akapumua. “Mwanzo una nafuu.”

Kumbe alishajua tangu wiki iliyopita. Makungwi wenzake watatu walikuja, wakasimama mlangoni, wakakataa kukaa. Mkubwa wao, kungwi wa Mtoni, aliusikia wimbo kwenye bajaji aliyopanda yeye mwenyewe, dereva anauimba huku anapinda kona. Wakamwambia mama kuwa ameutoa wimbo nje, na kwamba aliyeutoa wimbo nje haketi tena na waliomo ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ngoma imegeuzwa.

“Na mjukuu wangu?” mama akasema. Alikuwa anamsema binti wa dada yangu, anayeolewa baada ya mfungo. “Nimewacheza wali wa mji mzima, watoto wa watu nisiowajua. Wa kwangu mwenyewe atolewe nyumbani kama mzigo? Ngoma haipigwi na mtu mmoja. Wenzangu wasipokuja, hachezwi. Basi.”

Nikamweleza habari ya video. Akakumbuka, akapiga paja.

“Yule kijana wa spika! Alikuja na spika zake kwenye ile shughuli ya Mbagala, wanaume wakacheza huko nje. Asubuhi natoka, kanipigia magoti. ‘Mama, nakwenda kutoa ngoma yangu ya kwanza, nipe radhi.’ Sasa mtu mzima aombwe radhi akatae? Mie nilijua anakwenda kupiga ngoma mahali.”

Nilikaa chini kwenye mkeka na suruali yangu mbichi. Kwa vijana wa studio, kutoa ngoma ni kutoa wimbo mpya. Kwa mama, ngoma ni mti na ngozi. Yeye alitoa radhi ile anayoitoa mzazi kwa kijana anayekwenda kutafuta maisha, ile ile aliyonipa mimi siku naondoka na mkoba wa kamba. Kijana ameondoka nayo kama ridhaa ya kisheria. Neno ni hilo hilo, na wote wawili wamesema kweli.

“Mama, hili ni jepesi,” nikasema, na nikaanza kujisikia vizuri, maana hapa ndipo ninapojua kazi yangu. “Ningeweza kwenda mahakamani nithibitishe kwamba hukujua anaomba nini. Tungeshinda. Lakini harusi haisubiri mahakama. Iko njia fupi. Unasimama hapa, nakurekodi, unasema umeiondoa radhi uliyompa. Ukishasema hivyo hana haki ya kuutumia. Wimbo unatolewa kila mahali.”

Sijawahi kumwona mama amekunja uso vile.

“Niseme nini?”

“Kwamba umeiondoa radhi.”

“Unataka nimlaani?”

“Mama, hii ni lugha ya sheria tu.”

“Ana mama huyo kijana?”

“Sijui. Nadhani.”

“Mie nimwondolee radhi mtoto wa mwenzangu, mtoto niliyemshika kichwa kwa mkono huu? Akigongwa na gari kesho?”

“Basi sema ridhaa. Usiseme radhi. Sema ‘naondoa ridhaa yangu’.”

“Nilimpa radhi. Niondoe ridhaa? Unamdanganya nani, mimi au Mungu?”

Nilijaribu kwa kila ujanja ninaoujua. Nilimwambia kwamba bila neno hilo wimbo utaendelea kupigwa, wenzake hawatarudi na mjukuu hatachezwa. Akasema anajua, hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Akasema atakaa na aibu yake. Mtu niliyewatoa jasho mawakili wa makampuni, nimeshindwa uani kwangu na mwanamke aliyekaa mkekani. Na kifungu changu kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Aliyetoa ana haki ya kuondoa. Hapakuwa na mahali nilipoandika kwamba lazima atake.

Nikaenda Buguruni, kumtafuta yule kijana.

Studio ilikuwa chumba nyuma ya maduka ya vipuri, kuta zimebandikwa vipande vya godoro. Mlangoni mama mmoja alikuwa anakaanga chapati. Nikampa shikamoo, nikapita. Ndani nikamkuta nywele za machungwa pamoja na wenzake wawili.

“Wewe ndiye uliyeirekodi sauti ya yule mama?”

“Karibu, braza. Ndo mie. Umeipenda, ee?”

“Mimi ni wakili.”

“Wa tangazo! Wazee, mambo yametiki!”

“Mimi ni mtoto wa yule mama.”

Mwenzake mmoja akaruka kutoka kwenye kiti. “We! Mtoto wa mama sauti? Braza, lete mkono!” Na akanishika mkono kweli, mikono yake miwili. “Bi mkubwa ametisha! Mwambie sie wote huku ni wanawe.”

Nikamgeukia mwenye nywele. “Uliingia ndani kwenye ngoma ya wanawake?”

“Niingie nitafute nini, braza, niuawe? Mie nilikuwa nje na spika zangu. Wao ndo wana sauti kubwa. Sauti imeruka ukuta yenyewe, imenikuta nimekaa.”

Wote wakacheka. Nusura na mimi nicheke, ni jibu zuri hata kwa mahakama.

“Na radhi ninayo,” akaongeza, akaanza kuitafuta simu. “Mie sio mwizi. Mimi nimesoma ule mwongozo. Nikamfuata mama kiheshima, nimepiga magoti.”

“Nimeiona,” nikasema. “Lakini mtu aliyetoa radhi anaweza kuiondoa.”

Nilikusudia kuieleza sheria tu. Yule aliyenishika mkono akauachia. Nywele za machungwa akabaki na simu hewani, mdomo wazi, na nikaona wazi kabisa kwamba ni mtoto wa watu, amekonda, fulana inampwaya.

“Kuiondoa vipi?”

“Kusema kwamba ameiondoa.”

“Radhi?”

“Ndiyo.”

Kule mlangoni chuma cha kukaangia chapati kikaanguka. Yule mama akaingia na kijiko mkononi, kumbe ndiye mama yake nywele za machungwa. “Nani kaondolewa radhi?”

“Bado, mama, huyu braza anasema tu...”

“Bado? Bado maana yake inakuja! Umemfanya nini mama wa watu?”

“Nimerekodi sauti, mama. Wimbo tu.”

“Wimbo gani? Uweke.”

Akauweka. Biti ikakimbia, ikakatika, sauti ya mama yangu ikaingia. Kufika mstari wa pili, mama wa chapati aliachia kijiko akamziba mwanawe masikio kwa viganja vyenye unga. “Toba! Umekaa unausikiliza huu? Na nyie mnausikiliza?” Kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, akaung'oa waya wa spika kwa mguu. Na yeye alichezwa zamani, kwao Kisarawe. Wimbo wenyewe hakuwahi kuusikia, lakini alijua mara moja ni wa mlango gani.

Sikusema kwamba mama yangu amekataa kuondoa chochote. Sikuulizwa.

Jioni hiyo hiyo walikuja Tandika. Mama wa chapati alikuwa amebadilisha khanga. Kijana alikuwa amevaa kofia kuficha zile nywele. Walipofika sebuleni akapiga magoti kama kwenye video, kichwa pale pale pa kufikiwa na mkono wa mama.

“Mama, naomba radhi,” akasema.

Mama akamtazama. “Ipi?”

“Ee?”

“Safari hii unaomba ipi? Ile ya kwenda au ile ya kukosa?”

Kijana akanitazama mimi, kama kwamba sheria inajua. Kisha akainama. “Ya kukosa, mama.”

“Hiyo nimekupa. Na ile ya kwenda bado unayo. Wimbo sijakupa, siku ile wala leo, kwa sababu si wangu peke yangu wa kutoa. Umeelewa?”

“Nimeelewa, mama.” Akatoa simu pale pale, akaanza kuufuta wimbo kila alikouweka, huku mama yake amemsimamia begani akiuliza “na hapo je? na hapo?” kama anayekagua sahani zilizooshwa. Akampigia na yule dada wa matangazo, akamwambia ngoma imekufa. Machozi yalikuwa yanamlenga. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza kupendwa na watu, na naijua hali hiyo, nimekaa na waimbaji wengi.

Mama wa chapati akashukuru mara nyingi. “Mwenzangu, Mungu akulipe kwa kutomwondolea radhi.”

“Nani alitaka kumwondolea?” mama akashangaa. “Mie nilikataa tangu mchana.”

Wote wakageuka kunitazama. Mimi nikaitazama stashahada yangu juu ya televisheni.

Kungwi wa Mtoni aliitwa siku iliyofuata, akaja na wenzake wawili. Safari hii waliketi. Nilikuwa nimejiandaa na maelezo ya kutosha: neno ngoma, neno radhi, video, ukuta. Sikupewa nafasi. Mama wa chapati alikuwa amekuja mapema na alishayamaliza yote, pamoja na habari kwamba mama alikuwa tayari kuikosa ngoma ya mjukuu kuliko kumlaani mtoto asiye wake. Kungwi wa Mtoni alisikiliza akitafuna tambuu. Mwisho akasema, “Basi hakuutoa. Umetoka wenyewe.” Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza, “Lakini umekufa.”

“Bibi, umeshafutwa,” nikamwambia. “Kila mahali.”

“Kwenye bajaji umefutwa?”

Wimbo uko kwenye simu za watu, na hakuna kifungu kinachoingia huko.

“Wanaume wameusikia, umekufa,” akasema. “Mjukuu hawezi kuchezwa na maiti. Utungwe mwingine, na mama yako ndiye atakayeutunga, kwa kuwa wa kwanza ulikuwa wa bibi yake.” Mama aliinuka akaenda uani, nikasikia ngoma inaburuzwa. Alikuwa anaigeuza.

Tangu hapo nimeongeza mstari mmoja kwenye ule mwongozo: anayetoa ridhaa aseme mwenyewe, kwa maneno yake, anatoa kitu gani na kiende wapi. Kamati wameusifu sana. Sijawaambia umetoka kwenye mkeka gani.

Ila pale sebuleni, siku ile, nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti changu, nasubiri kushukuriwa kidogo. Wanawake wanne walikuwa wananitazama.

“Baba,” mama akaniita kutoka mlango wa uani, ngoma iko kiunoni.

“Naam, mama.”

“Unangoja nini?”

“Nimekaa tu.”

“Tunataka kuanza.”

Nyumba ile nimeijenga mimi, tofali kwa tofali, madirisha ya vioo, milango ya mninga. Nikainuka, nikavaa viatu, nikatoka. Mama wa chapati akafunga mlango nyuma yangu, na kitasa nilichokichagua mwenyewe kikalia. Nilifika kwa muuza kahawa pale kwenye kona, nikaagiza kikombe. Kabla hakijapoa nikaisikia ngoma ya mama, kwanza polepole, kama mtu anayebisha hodi, halafu ikashika njia. Sauti yake ikapanda juu ya ukuta. Maneno yalikuwa bado hayajawa maneno, lakini yalikuwa yanakaribia.

Nikaacha kahawa pale pale, nikasogea nyumba tatu mbali zaidi, yasije yakanikuta.